Waraka kwa Watoto wa Kasongo na Kabambare Wanaokwenda Misheni

Kwa ndugu na dada zetu wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, wenye asili ya Kasongo na Kabambare, popote mnapokutana Jumapili kwa sakramenti: Lubumbashi, Kinshasa, au ugenini ng'ambo. Kwa vijana waliokwisha kupata wito wa misheni na wale wanaoungoja. Kwa wazazi wao pia, wakiwemo wasio wa Kanisa letu, maana mtoto anayeondoka ni wao kabla ya kuwa wetu.

Sisi wa kusini mwa Maniema tu wachache katika Kanisa hili. Waumini wa Kongo wamepita laki moja, lakini wengi wanatoka Kinshasa, Kasai na Katanga. Kwa hiyo kijana wetu mmoja anapoitwa, ukoo mzima unakaa barazani na kuuliza maswali yale yale. Atalala wapi? Nani atamlipa? Akiugua, nani atamshika mkono? Kwa nini aende kufundisha watu dini wakati mpunga wa baba yake unangoja kuvunwa? Nilitumikia misheni Abidjan, Côte d'Ivoire, na tangu nirudi nimeulizwa maswali haya mara nyingi kiasi kwamba nimeona afadhali niyajibu kwa maandishi, yasomwe na kupitishwa mkono kwa mkono.

Neno langu kubwa ni moja, nalitanguliza. Mtoto wa Kasongo na Kabambare aende misheni akijua kwamba yeye ni mgeni, na adumu katika adabu ya mgeni mpaka siku ya kurudi.

Sisi tunaijua historia ya wageni kuliko watu wengi. Kasongo ulikuwa mji wa Hamed bin Muhammed el Murjebi, yule Tippu Tip, na wa mwanawe Sefu. Pembe za ndovu na binadamu walipita hapo kuelekea Ujiji, Tabora na pwani. Tarehe 22 Aprili 1893 kamanda Dhanis na askari wa Dola Huru ya Kongo waliuteka mji huo wakisema wamekuja kuwakomboa watu na utumwa, kisha watoto wa waliokombolewa wakalazimishwa kulima pamba kwa kiboko. Kila aliyekuja alikuwa na neno zuri la kueleza kwa nini amekuja. Wazee wetu waliyasikia maneno yote hayo, wakajifunza kumpima mgeni kwa namna anavyokaa na watu. Kipimo hicho ninyi mmekirithi, na huko mwendako watu nao wanacho.

Wapo waliokuja kwa namna nyingine. Mmisionari Daudi Livingstone alifika Bambarre, yaani Kabambare yetu, mwaka 1869. Mwaka uliofuata miguu yake ilishikwa na vidonda, akakwama pale miezi mingi bila kuweza kutembea. Aliandika mwenyewe kwamba alipokuwa Maniema aliisoma Biblia nzima mara nne. Katika safari ile alipokuwa mgonjwa wa kufa, aliyempa dawa na kuamuru abebwe ni Mohamad Bogharib, mfanyabiashara Mwislamu. Livingstone aliichukia biashara ya watumwa kwa moyo wake wote, na mwezi Julai 1871 aliona kwa macho yake watu wakipigwa risasi katika soko la Nyangwe. Hata hivyo chakula chake, dawa yake na njia yake vilitoka mikononi mwa watu wa misafara ya biashara hiyo. Sipendi kuficha uzito wa jambo hilo. Nalitaja kwa sababu ndivyo mhubiri anavyoishi ugenini: anakula cha watu wasioamini anachoamini, na uhai wake unategemea huruma yao. Anayelisahau hilo huanza kusema na wenyeji kwa sauti ya juu.

Sasa niwaeleze siku ya mmisionari ilivyo, hasa ninyi wazazi, ili msiote mambo ya ajabu wala ya kutisha. Kijana anaamka saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Anapiga magoti, ananyoosha viungo, anaoga kwa ndoo, anakula kilicholala au mkate, kisha anakaa na maandiko, kwanza peke yake na halafu pamoja na mwenza wake. Ndipo wanatoka wawili, shati jeupe, tai, na beji nyeusi kifuani yenye jina lake na jina la Kanisa. Wanatembea sana. Wanatembelea wagonjwa, wanawabebea maji wajane, wanafundisha waliokubali kufundishwa, wanabisha hodi penye mlango uliofungwa huku sauti ya redio ikisikika ndani. Usiku wanapanga kesho, na saa nne na nusu taa inazimwa. Jumatatu ni siku ya matayarisho: kufua, sokoni, kunyoa, na simu ya nyumbani. Zamani simu hiyo ilikuwa mara mbili tu kwa mwaka. Tangu Februari 2019 ni kila wiki. Wavulana hutumikia miezi 24, wasichana miezi 18. Mshahara hakuna.

Imani ya kijana hujaribiwa kwanza chumbani. Mwenza wako hukumchagua. Huenda ni Mmalagasi, Mtogo au mtoto wa Kinshasa ambaye hajawahi kuiona Lualaba. Anakoroma, au anaimba saa unayotaka kusoma, na kanuni inasema msiachane, usiku na mchana, mpaka rais wa misheni atakapowahamisha. Nimeona wawili wakinuniana kutwa nzima kwa ajili ya ndoo ya maji. Bomba la mtaa wao lilikuwa linatoa maji usiku wa manane tu. Mmoja aliamka akakinga, mwingine asubuhi akayafulia soksi. Jioni ikafika zamu ya kusali pamoja. Aliyepaswa kusali akapiga magoti akakaa kimya muda mrefu, mpaka mwenzake akasema polepole, "Kaka, usiku huu nitaamka mimi." Hapo ndipo sala ikaanza. Mahubiri mengi niliyoyasikia nimeyasahau, ile sala ninayo mpaka leo.

Kwa hiyo, mama zangu, mfundisheni mtoto wa kiume kazi za nyumba kabla hajaondoka. Ajue kusonga bukari isiwe na mabonge. Ajue kutwanga sombe na kuipika na mawese, na kuchambua mchele mpaka usiwe na jiwe hata moja, kwa maana mchele tunaojivunia Kasongo unamwaibisha mtu akiupikia wageni na mawe yake. Ajue pasi ya makaa: kuipuliza nje kwanza mpaka majivu yaishe, kuijaribu juu ya kitambaa kibovu, ndipo aiweke juu ya shati jeupe. Ajue kushona kifungo. Kuna vijana wanaokariri mistari mingi ya Kitabu cha Mormoni na hawajawahi kufua shuka. Mwezi wa kwanza wanateseka, na wanamtesa mwenza wao.

Niingie kwenye jambo la chai, ambalo kwa watu wa kwetu ni zito kuliko linavyoonekana. Neno la Hekima, ambalo Nabii Joseph Smith alilipokea mwaka 1833, linatuzuia chai, kahawa, pombe na tumbaku. Kwetu lakini, mtu akikuwekea kikombe mbele yako amekupa heshima, na ukikisukuma umemsukuma yeye. Nimeona wamisionari wa nchi nyingine wakikataa kwa kichwa tu, bila neno, na mwenyeji akafunga uso. Mtoto wa Maniema hana sababu ya kufanya hivyo. Kaa kwanza. Pokea kiti, uliza habari za wazee, wagonjwa na watoto wa nyumba ile. Kisha sema mapema, kabla moto haujawashwa, kwamba dini yako imekukataza chai na kahawa, ila maji ya nyumba hii utayanywa kwa furaha. Wakikupa maji ya moto yenye mchaichai, kunywa; hayo hayakatazwi. Waislamu watakuelewa haraka kuliko wote, kwa sababu nao wana yao waliyokatazwa. Na mtu akikukaribisha lutuku au mvinyo wa mchikichi, jibu ni hilo hilo, kwa tabasamu hilo hilo, bila kumhubiria hatari za pombe akiwa ameshika kikombe chake.

Adabu hiyo ni mali yenu, msiiache nyumbani. Katika ukoo mmoja wa Kasongo utamkuta nyanya anayefunga Ramadhani, mjomba katekista wa Kikatoliki, shangazi anayeimba kwaya ya Waprotestanti, na sasa mpwa wao aliyebatizwa kwetu. Msiba ukitokea wanakaa kilio kimoja. Mpishi anajua nani hali nyama ambayo hakuichinja Mwislamu, na hakuna anayeona ni taabu. Mkristo wa mahali pengine hujifunza haya vitabuni akiwa mtu mzima. Ninyi mmeyanyonya.

Kule Abidjan, katika mtaa wa Abobo wenye Waislamu wengi, siku moja mwenza wangu alitaka kubisha hodi kwenye ua mmoja. Wazee walikuwa wameinama juu ya birika zao za plastiki, wanatawadha. Nikamshika mkono, tukasimama kivulini ng'ambo ya barabara mpaka sala ya alasiri ikaisha. Mzee mmoja alikuwa ametuona. Akatuita, akauliza tunatoka wapi, na niliposema Kongo, upande wa Maniema, alishangaa kusikia kwamba kwetu Uislamu una zaidi ya miaka mia. Hatukumfundisha somo lolote. Alitupa viti, akatusimulia habari za mwanawe aliyekwenda Ulaya kwa njia ya bahari na hajapiga simu. Tulimsikiliza mpaka jua likashuka. Baada ya siku hiyo hatukufukuzwa tena katika mtaa ule, na kina mama wa pale walikuwa wakituonyesha nyumba za Wakristo wenye wagonjwa.

Najua wapo watakaosema kwamba kwa kukaa kimya tuliificha injili. Sikubali. Kanisa letu lenyewe limeweka mipaka inayomlinda mwenyeji. Mtoto asiyefikia umri wa utu uzima habatizwi bila ruhusa ya wazazi wake. Mume habatizwi bila mkewe kukubali, wala mke bila mumewe. Wanaoishi pamoja bila ndoa wafunge ndoa kwanza, na kwetu hiyo maana yake ni kwenda kwa wakwe, kumaliza mahari na kuandikishwa serikalini. Jambo hilo huchukua miezi, wakati mwingine miaka. Mmisionari mwenye haraka huliona kama kizuizi. Mimi naliona kama heshima, kwa kuwa linamlazimu mtu aingie Kanisani kwa mlango wa mbele, ukoo wake ukimwona. Binti wa miaka 15 akikufuata kwa siri kwa sababu baba yake ni shehe, mrudishe kwa baba yake kwa upole. Msalimie baba huyo. Akisema hapana, basi ni hapana.

Mnaosoma Kitabu cha Mormoni, ambacho tunacho kwa Kiswahili tangu mwaka 2000, rudieni habari za Amoni katika Alma. Alikuwa mwana wa mfalme, akaacha kiti cha baba yake akaenda kwa Walamani waliokuwa adui wa watu wake. Walimfunga wakampeleka mbele ya Mfalme Lamoni. Mfalme akavutiwa naye, akamwambia achague mmoja wa binti zake amwoe. Amoni akaomba awe mtumishi. Akapelekwa kuchunga mifugo, akawalinda kondoo kwenye maji ya Sebusi, akarudi akaandaa farasi kama alivyoagizwa. Mfalme ndiye aliyetaka kujua siri ya mtu huyu, na maswali yakatoka kwake. Wengi hukumbuka upanga wa Amoni na mikono ya wanyang'anyi aliyoikata huko majini. Nawasihi mkumbuke zaidi kwamba alipokuwa amekwisha kushinda pale majini, alikuwa zizini akimaliza kazi aliyopewa.

Kuna swali mtakaloulizwa, nanyi mlijibu bila kukwepa. Watu wenye elimu, hasa vijana wa vyuo, watawauliza: si ninyi ambao kanisa lenu lilikataa kuwapa watu weusi ukuhani? Ndiyo. Tangu katikati ya karne ya 19 hadi Juni 1978 wanaume wenye asili ya Afrika hawakupewa ukuhani, na familia zao hazikupokea ibada za hekaluni. Ufunuo wa 1978 uliondoa katazo hilo, na mwaka 2013 Kanisa lilichapisha maelezo yanayokana nadharia zote zilizowahi kutolewa kulihalalisha, kama ile ya laana juu ya ngozi nyeusi. Usimtetee mtu aliyekosea kwa sababu alikuwa kiongozi. Usibuni sababu ambayo Kanisa limekwisha kuikana. Sema ilivyokuwa, sema ilivyo, kisha sema kwa nini wewe, mtoto mweusi wa Maniema, umesimama hapo na beji kifuani. Kama huijui sababu yako, itafute kwa kufunga na kusali kabla hujapanda ndege, kwa kuwa hakuna mwenza wala rais wa misheni atakayekupa.

Wala msidhani kwamba Wakongomani ni watu wa kupokea tu. Mbuyi Nkitabungi, mtoto wa Kongo, alibatizwa Ubelgiji mwaka 1980, akatumikia misheni London, na Kanisa lilipofanya mkutano wake wa kwanza Kinshasa mwezi Juni 1986, yeye alikuwa miongoni mwa waliosimama kusema. Fikirini: mtu wetu alikuwa amekwisha kugonga milango ya Waingereza kabla wamisionari hawajagonga yetu. Septemba 1991, mji wa Kinshasa ulipoporwa na wamisionari wa kigeni wakaondolewa, mikutano haikufa, kwa sababu wenyeji waliendelea. Thierry Mutombo, mzaliwa wa Kinshasa, alikwenda kuwa rais wa misheni huko Baltimore, Marekani, akiwaongoza vijana wa Kimarekani. Alfred Kyungu, mwana wa Kamina, ni mmoja wa viongozi wa Kanisa waitwao Sabini tangu 2021. Na hekalu, ambalo zamani mtu wa Kongo alilifuata hadi Johannesburg kama alikuwa na nauli, liko Kinshasa tangu tarehe 14 Aprili 2019. La Lubumbashi lilitangazwa mwaka uliofuata.

Nawageukia ninyi wazazi na ndugu mnaobaki. Simu ya Jumatatu ni ya thamani, lakini inaweza kumjenga kijana au kumbomoa. Msimwulize amebatiza wangapi. Swali hilo limewatia vijana wengi tamaa ya hesabu, wakaharakisha watu wasio tayari, na baada ya miezi michache viti vikawa vitupu. Mwulizeni amekula nini, mwenza wake anaitwa nani, ni mgonjwa gani anamtembelea, amesoma sura gani. Msimtumie orodha ya shida za nyumbani ambazo hawezi kuzitatua. Paa likivuja, tafuteni fundi.

Lakini msiba msimfiche. Hili nalisema kwa mkazo kwa sababu kwetu ni desturi kumficha msafiri habari ya kifo, asije akafa moyo njiani. Nakumbuka kijana wa kwetu aliyefichwa kifo cha mama yake mzazi. Kila Jumatatu aliambiwa, "Mama yuko shambani, simu haina chaji." Alikuja kuujua ukweli kwa mtu baki, na jambo lililomuuma kupita msiba wenyewe ni kwamba alikuwa amemwombea marehemu afya wiki kwa wiki. Mwambieni siku ile ile, akiwa na mwenza wake kando yake, na kama inawezekana rais wa misheni ajue kwanza. Atalia. Atalilia ugenini, na mara nyingi atabaki kwenye kazi bila kuona kaburi. Nimeona nyumba za watu wasiomjua kabisa zikimwandalia mfiwa matanga ya siku nzima, wakamletea wali na samaki, wakakaa naye chini bila kusema mengi. Hapo ndipo utakapojua kama uliishi na watu vizuri.

Na Kabambare, ninyi mna mzigo wa ziada. Salamabila na vijiji vinavyoizunguka dhahabu ya Namoya vimekimbiwa na wenyewe zaidi ya mara moja. Kijana yuko Cotonou, Jumatatu anapiga simu haiingii, Jumatatu nyingine haiingii, na mtu mmoja anamwambia kwamba watu wamevuka Luama usiku. Anatakiwa asubuhi afunge tai, akafundishe watu juu ya amani ya Kristo. Sijui imani iliyo ngumu kuliko hiyo. Kwa hiyo kila familia ichague jamaa mmoja aliye mahali penye mtandao, Kasongo mjini, Kindu au Kalemie, awe ndiye wa kutoa habari, na namba yake iwe kwa kijana na kwa rais wa misheni. Habari mbaya iliyo ya kweli inamwezesha mtu kusali. Uvumi haumwezeshi kitu. Na wewe kijana, usione haya kumwambia kiongozi wako kwamba umeshindwa kulala. Livingstone alilala miezi Kabambare kwa vidonda vya miguu, na hakuna aliyesema kwamba imani yake imepungua.

Wengine watarudi kabla ya wakati. Malaria iliyopanda kichwani, figo, huzuni isiyoisha, au neno ambalo yeye na kiongozi wake ndio wanaolijua. Tuache kabisa kumpokea kijana wa namna hiyo kwa minong'ono. Tumpokee kama tunavyompokea aliyemaliza: apewe nafasi kuombea sakramenti akiwa anastahili, aalikwe nyumbani, apewe kazi. Mtu asimwulize kwa nini, mpaka aseme mwenyewe. Nawajua waliopotea Kanisani, nao misheni haikuwapoteza. Waliwapoteza watu wa benchi la nyuma.

Kwa mabinti neno fupi. Misheni kwenu ni mlango ulio wazi, si wajibu kama kwa wavulana, na wazee wetu wengi wataona ajabu msichana kwenda nchi ya mbali bila mume. Msibishane nao kwa hasira. Mleteni rais wa tawi au askofu aketi na baba, aeleze kwamba binti hatembei peke yake hata siku moja, kwamba analala nyumba moja na dada mwenzake, na kwamba akirudi ni mwalimu. Baba akiridhika, atawaombea baraka kuliko sisi sote.

Nimalize kwa mambo ya mkononi, ambayo yamewakwamisha vijana wetu kuliko upungufu wa imani. Mwenye malaria ya mara kwa mara atibiwe vizuri kabla ya kupimwa na daktari. Meno yatazamwe mapema, kwa sababu fomu za misheni zinadai na daktari wa meno, na kwetu ni kazi kumpata. Mwenye Kifaransa kibovu asome kila siku kwa sauti. Aliyerudi misheni mwaka huu achukue vijana wawili wa ukoo wake awafundishe kufundisha. Walio na kazi Lubumbashi na Kinshasa wachange nauli ya anayetoka mbali, maana kutoka Kabambare hadi kwenye ndege ni safari inayomaliza akiba ya familia, na wakati wa mvua pikipiki hulala njiani.

Na karatasi. Watoto wetu wengi walizaliwa vijijini au katika kukimbia vita, na hawakuandikwa popote. Bila cheti cha kuzaliwa hakuna pasipoti, na bila pasipoti wito unakaa ndani ya simu mpaka umri unapita. Majina mawili yanayoandikwa tofauti, shuleni hivi na kwenye kadi ya uchaguzi vile, yamewachelewesha vijana waliokuwa tayari rohoni kitambo. Kila mzazi mwenye mtoto wa miaka 15 au 16 aanze mwezi huu: aende kwa ofisa wa hali ya kiraia, akamwandikishe mtoto kwa jina moja tu, litakalobaki hilo hilo kwenye kila karatasi.